Ulimwengu "utakufa mapema kuliko ilivyodhaniwa": mapema kiasi gani?

*Mwanangu ana miaka 11, yuko darasa la tano. Wiki tatu zilizopita alimkuta kaka yake anatazama video kwenye simu, inasema wanasayansi wa Uholanzi wamegundua kwamba ulimwengu utakufa mapema kuliko ilivyodhaniwa. Tangu siku hiyo anaamka usiku na kuniuliza kama jua litazimika. Nimemwambia hayo ni mambo ya mbali, lakini haridhiki, na kusema kweli hata mimi siridhiki. Shuleni tulifundishwa kwamba ulimwengu ulianza kwa mlipuko na kwamba kila kitu kinazidi kutawanyika. Ulilipukia wapi? Kama kila kitu kinatawanyika, mbona sisi hatutawanyiki? Na mwisho wake ni nini hasa? Baba yake anasema hizo ni habari za Kiyama, tumwachie Mungu. Siku hizi mtoto analala kwangu, tangu bibi yake alipofariki mwezi wa tatu. Naomba jibu la kweli, hata kama ni gumu.*

Mama, pole kwa msiba, na pole kwa usingizi unaokatika. Umeuliza maswali manne kwa mpigo na yote ni ya maana. Nitaanza na ile video, maana ndiyo iliyowasha moto nyumbani kwako.

Habari yenyewe ni ya kweli, ila imekatwa mkia. Mwezi wa Mei 2025, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, walitoa hesabu ya muda ambao masalio ya mwisho ya nyota yanaweza kudumu kabla hayajayeyuka kabisa. Makadirio ya zamani yalikuwa miaka inayoandikwa kwa 1 ikifuatiwa na sifuri 1,100. Wao wakapata 1 ikifuatiwa na sifuri 78. Kwa hiyo aliyeandika "mapema kuliko ilivyodhaniwa" hakusema uongo. Amekunyima tarakimu tu, na bila tarakimu habari hiyo haina maana yoyote zaidi ya kutisha.

Fanyeni hivi, wewe na kijana. Chukueni daftari la mistari, yeye aandike sifuri za ukubwa wa kawaida. Mstari mmoja utabeba kama 40. Zile sifuri 78 zitaisha kwenye mistari miwili. Zile 1,100 zitajaza ukurasa mzima, na mkono utamuuma. Kisha aandike umri wa ulimwengu tangu ulipoanza mpaka leo: 13,800,000,000. Hautafika hata nusu ya mstari wa kwanza. Mkumbushe pia kwamba kila sifuri anayoiongeza inazidisha mara kumi muda wote ulioandikwa kabla yake. Yaani kilichotokea Uholanzi ni kwamba muda usiofikirika umepunguzwa ukawa muda mwingine usiofikirika. Watafiti hao walijifurahisha hata kwa kukokotoa mwili wa binadamu ungechukua muda gani kuyeyuka kwa njia hiyohiyo, wakapata sifuri 90. Na wapo wanafizikia wenzao wasiokubaliana na njia waliyotumia, kwa hiyo hata hizo sifuri 78 zisichukuliwe kama tarehe ya kalenda.

Sasa nije kwenye mlipuko. Neno hilo ndilo linalotupotosha tangu shuleni. Mtu akisikia mlipuko anaona baruti: pana mahali pa katikati, na vipande vinaruka kwenda kwenye nafasi tupu iliyokuwa inasubiri pembeni. Mwanafunzi akinichorea picha hiyo ubaoni simlaumu, nami nilichora hivyohivyo.

Nenda kwa fundi cherehani umwombe kipande cha lastiki ya kiunoni. Shonea vifungo vidogo sita, kila kimoja sentimita 1 kutoka kwa mwenzake. Halafu ivute taratibu mpaka urefu wake uwe mara mbili. Jiweke kwenye kifungo cha kwanza utazame wenzako. Jirani aliyekuwa sentimita 1 sasa yuko sentimita 2, amesogea 1. Yule wa sita aliyekuwa sentimita 5 sasa yuko sentimita 10, amesogea 5, na muda uliopita ni uleule. Aliye mbali zaidi anaonekana kukimbia zaidi. Hamia kifungo cha tatu: utaona mambo hayohayo, huku na huku. Kila kifungo kinaweza kudhani kwamba chenyewe ndicho kiko katikati na wenzake wanakikimbia, na vyote vitakuwa vimekosea.

Hicho ndicho mwanaastronomia Edwin Hubble alichokichapisha mwaka 1929 baada ya kupima galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, moja baada ya nyingine kwa darubini kubwa ya Mount Wilson, California: galaksi iliyo mbali mara mbili inatukimbia kwa kasi kama mara mbili. Miaka miwili kabla yake, Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa ameshaandika kwamba ulimwengu unapanuka. Lemaître alikuwa padri wa Kikatoliki. Mwambie baba wa kijana.

Basi ulilipukia wapi? Kila mahali. Hapo ulipokaa sasa ukisoma palikuwa ndani ya ile hali ya mwanzo, joto kali na msongamano mkubwa, sawa na mahali ilipo galaksi ya mbali kuliko zote. Kilichotanuka ni nafasi yenyewe, kama lastiki, na vifungo vikachukuliwa nayo. Tofauti ni kwamba lastiki yako ina ncha mbili. Ulimwengu, kwa kadiri tulivyoupima, hatujaona ncha wala ukingo.

Huenda unajiuliza tumejuaje kwamba palikuwa na joto. Kama una umri wa kukumbuka televisheni za kabla ya ving'amuzi, unazikumbuka zile chenga na ule mvumo stesheni inapokatika. Sehemu ndogo ya chenga zile, kama asilimia moja, ilikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, yakinaswa na antena ya sebuleni. Mwaka 1964 wanaastronomia wawili huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe, na ndani yake kulikuwa na mvumo usioisha hata waielekeze wapi. Wakashuku njiwa waliojenga kiota humo. Wakawaondoa, wakasugua kinyesi chao, mvumo ukabaki palepale. Mwaka 1978 walipewa Tuzo ya Nobeli kwa mvumo huo. Leo joto hilo limepoa mpaka nyuzi 270 chini ya sifuri, kwa sababu nafasi iliyolibeba imetanuka mno.

Swali lako la tatu linanifurahisha kuliko yote: mbona sisi hatutawanyiki? Ndiyo maana nilikwambia ushonee vifungo, sikukwambia uweke nukta za wino. Nukta ya wino huvutika pamoja na lastiki. Kifungo hakivutiki, kwa sababu plastiki yake imeshikana yenyewe kwa nguvu kuliko lastiki inavyovuta. Mwili wa mwanao umeshikwa na nguvu za umeme kati ya atomu zake. Dunia na jua vimeshikwa na mvutano. Galaksi yetu nzima, mamia ya mabilioni ya nyota, ni kifungo kimoja. Kupanuka kunaonekana tu kwenye nafasi kubwa sana kati ya makundi ya galaksi, pale ambapo mvutano hauna ubavu wa kushikilia.

Na vifungo vingine vilivyo karibu vinasogeleana badala ya kuachana. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), inakuja upande wetu kwa kilomita 110 hivi kila sekunde. Miaka mingi tulifundisha kwamba kugongana nayo ni lazima. Hesabu mpya za mwaka 2025 zinasema ni nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Hata zikikutana, nyota ziko mbalimbali kiasi kwamba zitapishana bila kugusana. Mwezi wa Novemba, kama saa tatu usiku, siku isiyo na mbalamwezi, mtoke nje mbali na taa mtazame kaskazini. Mtaona kijiwingu hafifu kama mtu amepulizia kioo. Nuru inayoingia machoni mwenu hapo iliondoka kule kabla ya kuwapo mtu wa aina yetu duniani.

Jua sasa, maana ndilo linalomwamsha. Mwambie ukweli: ndiyo, jua lina mwisho. Lina umri wa miaka bilioni 4.6 na limebakiza kama bilioni 5 za kuchoma haidrojeni iliyo kiini mwake. Halitazimika ghafla kama umeme unavyokatika. Litavimba liwe jitu jekundu, lizimeze Utaridi na Zuhura, pengine na dunia, kisha libaki kaa la moto linalopoa polepole. Dunia itapata taabu mapema kuliko hapo, kwa kuwa jua linaongeza mwanga kwa asilimia 10 hivi kila miaka bilioni moja. Bahari zinatarajiwa kukauka katika muda wa kama miaka bilioni moja ijayo. Bilioni moja ni nyingi kiasi gani? Zile nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano, zina miaka milioni 3.6. Chukua muda wote uliopita tangu nyayo zile zikanyagwe, uurudie zaidi ya mara 270. Hapo ndipo bahari zinakauka.

Na ulimwengu mzima je? Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndipo pazito.

Watoto wanapotungua maembe, jiwe likirushwa juu linapunguza mwendo, linasimama, linarudi. Ukiwa na mkono wa ajabu ukalirusha kwa kasi ya kutosha, halirudi tena, lakini bado linapunguza mwendo kadiri linavyokwenda. Kwa miaka mingi wanasayansi waliona ulimwengu kama jiwe hilo. Mvutano wa galaksi zote ungekuwa breki, na swali pekee lilikuwa kama breki inatosha kulirudisha. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, yaliyokuwa yanashindana, yalipima nyota zinazolipuka katika galaksi za mbali ili kujua breki imeshika kiasi gani. Wote wawili wakakuta kinyume. Jiwe lilikuwa linaongeza mwendo likielekea juu. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Nobeli mwaka 2011 kwa kazi hiyo.

Kinacholisukuma kimepewa jina la nishati ya giza. Jina lisikutishe, giza hapa maana yake ni kwamba hakuna anayejua ni kitu gani. Tunajua tabia yake moja ya kushangaza. Uji ukiuongeza maji unakuwa mwepesi, na ndivyo ilivyo kwa maada ya kawaida: nafasi ikitanuka, galaksi zinakuwa chache kwa kila eneo. Nishati hii inaonekana kuwa kama uji usiokubali kupunguka uzito, hata ukimimina ndoo ngapi. Kwa hiyo kadiri nafasi inavyoongezeka, breki ya mvutano inalegea na msukumo unabaki vilevile. Leo nishati hiyo ni kama asilimia 68 ya vyote vilivyomo. Asilimia 27 ni maada ya giza, isiyotoa mwanga. Nyota, bahari, wewe na mimi ni ile asilimia 5 iliyobaki.

Mwisho wa ulimwengu unategemea tabia ya uji huo. Ikibaki kama ilivyo, tutapata mwisho ambao wengi wetu tunauona kuwa ndio wenye uwezekano mkubwa: ukimya na ubaridi. Galaksi za mbali zitavuka upeo, nuru yao isitufikie tena, ibaki galaksi yetu na majirani wachache. Gesi ya kuundia nyota mpya itaisha. Nyota ndogo nyekundu, zile zinazochoma polepole kama jiko la makaa lililofunikwa majivu, zitadumu matrilioni ya miaka kisha nazo zitapoa. Baadaye yatabaki masalio, na mashimo meusi, yale yenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haiponyoki.

Niseme kidogo juu ya mashimo meusi, kwa sababu pwani yetu inahusika. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ndogo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza anga kwa eksirei, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa huenda ni shimo jeusi, cha kwanza kusadikiwa hivyo. Kabla ya hapo mashimo hayo yalikuwa hesabu za karatasini. Mwanafizikia Stephen Hawking aliandika mwaka 1974 kwamba hata hayo yanavuja taratibu, na makubwa kabisa yangechukua miaka ya 1 na sifuri 100 hivi kuisha. Wale watafiti wa Uholanzi waliichukua fikra hiyo ya Hawking wakaipeleka kwenye masalio ya nyota yasiyo mashimo meusi, ndipo wakapata zile sifuri 78.

Ikiwa uji unazidi kuwa mzito, msukumo utakua mpaka uchane galaksi, halafu sayari, halafu atomu. Vipimo vilivyopo havituelekezi sana huko, nami sioni sababu ya kukaa juu ya hilo.

Uwezekano wa tatu ni kwamba unakuwa mwepesi, na hapa kuna habari ya kweli ambayo ingestahili kelele kuliko ile ya Uholanzi. Kwenye mlima wa Kitt Peak, Arizona, kuna chombo kinachoitwa DESI, chenye nyuzi za kioo 5,000, kila moja ikielekezwa na kiroboti kidogo kwenye galaksi yake. Matokeo yake ya mwaka 2024, na tena ya Machi 2025 yaliyotumia galaksi na kwasari (viini ving'aavyo sana vya galaksi za mbali) karibu milioni 15, yanadokeza kwamba nishati ya giza inapungua nguvu. Dokezo hilo halijafika kiwango ambacho wanafizikia hukubali kuliita ugunduzi. Likithibitika, ulimwengu unaweza kuwa na mwisho mwingine, hata kusimama na kuanza kujikunja. Hesabu moja iliyotolewa mwaka 2025 kwa kufuata dokezo hilo inaweka mwisho huo miaka bilioni 20 hivi kutoka sasa. Jua letu litakuwa limeshakuwa kaa zamani.

Ukinibana niseme naamini nini, nitakwambia ubaridi mrefu. Lakini miaka kumi iliyopita ningejibu kwa haraka zaidi kuliko leo.

Kuhusu Kiyama, baba yake ana hoja yake. Fizikia inapima vitu vinavyopimika: kasi, joto, umri wa nyota. Haina chombo cha kupima hukumu wala ahadi ya Mungu, na mwanafizikia anayejidai kuvijibu hivyo ametoka nje ya uwanja wake. Mkitaka kuvielewa, waulizeni shehe au padri wenu ana kwa ana. Ila kumkataza mtoto asiulize habari za jua hakutamsaidia kulala. Atauliza simu, na simu umeshaona inavyojibu.

Nimalizie na yeye. Umeandika kwa kupita tu kwamba bibi yake alifariki mwezi wa tatu na kwamba tangu hapo analala kwako. Mimi ni mtu wa nyota, si mtaalamu wa watoto, lakini nimesimama mbele ya wanafunzi miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mtoto anaweza kuuliza jua litazimika lini huku moyoni anauliza nani anafuata baada ya bibi. Akikuamsha usiku huu, mjibu kwanza la jua kwa ufupi: litakuwapo kesho, na maisha yake yote, na ya wajukuu wa wajukuu zake. Kisha nyamaza kidogo uone kama ana jingine. Akilitaja la bibi, muachane na ulimwengu, muongee la bibi.

Shuleni, muulize mwalimu wa ushauri na unasihi kama naye ameona mabadiliko. Ikiwa hofu inaendelea kwa wiki kadhaa zaidi, au ameanza kukataa chakula, kukataa shule, kukojoa kitandani wakati alishaacha, au anasema maneno ya kutamani kumfuata bibi, usisubiri maelezo mengine ya mtu kama mimi. Mpeleke hospitali, umweleze daktari tangu siku ya msiba, umwombe akuunganishe na mtaalamu wa saikolojia au ofisa ustawi wa jamii. Hilo la mwisho nililotaja, la kutaka kumfuata, ni la siku hiyohiyo.

Zile sifuri za daftarini zifanyeni mchana, si usiku. Na akizimaliza, bila shaka atakuwa na swali ambalo wala wewe wala mimi hatukulifikiria. Safari hii mwache aliandike yeye mwenyewe.